Wa kwanza niliyemhesabia pumzi alikufa Ijumaa, wa pili Jumamosi: yaliyonikuta Garsen nikijiandaa na attachment

Wakuu, nawasalimu nyote, wa pwani na wa bara, mlioko kazini na mnaosoma mkiwa bado kitandani.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo natoa langu.

Sitaongeza kitu. Nilichoona nitasema niliona, nilichodhani nitasema nilidhani. Kuna mahali pamoja ambapo hadi leo sijui, na hapo nitasema sijui.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka ule wa mafuriko makubwa. Wenzangu wa Tana River hamhitaji kuambiwa ni upi.

Mimi ni Mpokomo wa huko Garsen. Form four nilitoka na D plus, msinicheke, kijijini kwetu ilinunuliwa soda.

Ndoto yangu ilikuwa moja tu, kukaa nyuma ya ambulansi nikimshika mgonjwa mkono huku king'ora kinalia. Mara ya kwanza kuiona ambulansi ilikuwa imekwama kwenye tope, sisi watoto tukaisukuma. Ilipotoka, mtu wa ndani akatupungia mkono wenye gloves nyeupe. Basi nikaisha hapo hapo. Wenzangu walikuwa wanalilia viatu vilivyopotelea topeni, mimi nalilia gloves.

Kanisa likanipeleka Mombasa kwenye chuo kidogo cha wahudumu wa ambulansi. Baada ya miezi michache ya darasani tukapangiwa attachment ya kwanza, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Mimi nikaangukia hospitali moja ya misheni huku huku kwetu mtoni. Kuripoti ni Jumatatu.

Masharti yalikuwa viatu vya kufunika, koti jeupe, saa yenye mshale wa sekunde, na daftari.

Hilo daftari ndilo lililonitesa. Unatakiwa kupima watu thelathini wakiwa wametulia, pulse, yaani mapigo ya moyo, na pumzi, kila mmoja dakika nzima, uandike jina na hesabu. Mwalimu wetu, mzee aliyestaafu jeshi, alisema bila thelathini usifunge safari, utarudishwa mlangoni, na nafasi anapewa mwingine.

Akatufundisha na ujanja wake. Waliosoma mambo haya wanaujua.

Ukitaka kuhesabu pumzi za mtu, usimwambie. Ukimwambia anaanza kupumua kwa adabu, kama anayepigwa picha. Kwa hiyo unamshika kifundo cha mkono, unajifanya bado uko kwenye pulse, kumbe macho yameshahamia kifuani. Kifua kikipanda kikashuka, moja. Kikipanda kikashuka, mbili. Yeye hana habari.

Nikaondoka Mombasa na ujanja huo nikiwa na furaha kama nimepewa cheo.

Sasa niwaeleze mto wetu, maana watu wa mbali hawauelewi.

Mvua kwetu ilikuwa imeshakatika siku hizo. Jua linawaka, mbingu buluu, hakuna wingu. Mvua inanyesha huko juu milimani kwa watu tusiowajua, halafu maji yanatujia sisi.

Hayaji kwa kishindo. Asubuhi unakuta banda la kuku limelowa chini. Saa nne yako kwenye kifundo cha mguu. Saa saba nyanya yako anaanza kunyanyua godoro. Yanapanda kimya, kama mtu aliyeingia nyumbani kwako bila kupiga hodi na anajua umemwona.

Nilipofika nikakuta kijiji chote kimehamia kwenye tuta la barabara, sehemu iliyoinuka. Maji kulia, maji kushoto. Wapokomo tumekaa upande mmoja. Upande wa pili Waorma wafugaji na ng'ombe wao wachache waliosalimika, wamesimama wakitazama maji. Katikati sufuria kubwa la uji wa msaada, la wote.

Nyanya yangu alikuwa amekaa juu ya gunia kama malkia.

"Dakitari wetu kafika," akasema. "Dawa umeleta?"

"Nimeleta daftari, nyanya."

"Haya. Tutameza daftari."

Jumatano nikaanza kazi. Hapa wakuu naomba mniangalie vizuri, maana kosa langu la kwanza liko hapa na sikuliona.

Watu kambini hawatulii. Huyu anafukuza mbuzi, yule anagombania maji. Nikasema ngoja nianze na waliolala, hao hawanisumbui.

Wa kwanza alikuwa Mzee Samueli, jirani yetu wa migomba, amelala kivulini chini ya turubai. Nikamshika mkono, nikatazama kifua. Thelathini na mbili. Nikaandika. Nikamwambia asante mzee, akatabasamu.

Wa pili dada Tabitha, mama kijana, alikuwa na homa amejifunika leso. Thelathini. Nikaandika.

Wa tatu nyanya, kwa kuwa alikuwa amekaa pembeni yao akiwapepea. Kumi na nane.

Kufikia jioni nilikuwa na saba. Nikalala nikijiona tayari niko nyuma ya ambulansi.

Alhamisi, kwenye foleni ya uji, mdomo wangu ukanichongea.

Wenzangu walinitania kwamba dakitari gani anashika watu mikono tu kama anachumbia. Nikataka kuonekana. Nikasema nyie mnadhani nawashika mikono, kumbe nawahesabu pumzi. Sisemi bure, nimewaandika. Nikafungua daftari nikasoma kwa sauti, majina kwa mpangilio na hesabu zao, kuanzia Mzee Samueli.

Wapokomo wakacheka. Mmoja akasema, "Mimi zangu usiniandikie, nina deni la kupumua tangu mwaka jana."

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa msichana wa Kiorma wa umri wangu, amebeba mtoto wa miezi minane. Mtoto aliitwa Hawa, kwa hiyo yeye ni Mama Hawa. Huyo hakucheka.

"Unahesabu watu?" akaniuliza.

"Pumzi tu."

"Sisi kitu chenye pumzi hatuhesabu. Ng'ombe hatuhesabu, mtoto hatuhesabu."

"Kwa nini?"

"Ukihesabu, unakionyesha."

"Unakionyesha kwa nani?"

Alivuta mtandio akamfunika mtoto kifua, akatoka kwenye foleni bila kuchukua uji.

Ijumaa, jua likiwa utosini, Mzee Samueli akafa.

Hakupiga kelele. Nyanya alikuwa anampepea, akaona upepo unampepea mtu ambaye hauhitaji tena. Tulimzika kwenye ncha ya tuta, mahali pekee pakavu, kaburi fupi kwa sababu ukichimba zaidi maji yanatokea chini.

Watu wakasema alikuwa mzee. Ni kweli, alikuwa mzee.

Jumamosi, karibu saa ile ile, akafa Tabitha.

Tabitha hakuwa mzee.

Pale kwenye mazishi ndipo nilipohisi macho. Hakuna aliyenisema. Watu waliniangalia mimi, halafu wakamwangalia nyanya, halafu wakatazama chini. Nilikuwa nimesoma majina kwa mpangilio mbele ya kambi nzima. Kila mtu alijua wa tatu ni nani.

Nyanya naye alijua. Jumapili asubuhi nilimkuta amevaa gauni lake la kanisani.

"Nyanya, kanisa liko chini ya maji."

"Najua. Lakini kama leo ndiyo zamu yangu, sitaki kusumbua watu kunivisha. Nipe uji kwanza, umepoa vizuri."

Alisema kama utani. Uji hakuumaliza.

Mazishi yalikuwa yamenisimamisha, bado nilihitaji watu ishirini na watatu, na Jumatatu ni kesho. Nikachukua saa na daftari nikaanza kupita kambini.

Wakuu, hapa ndipo nywele zilinisimama, na ilikuwa saa nne mchana, jua kali.

Niliingia kati ya maturubai nikaona kuna kitu hakiko sawa. Kambi ilikuwa imenyamaza. Watu wako pale pale, wanaosuka mikeka wameishika, wanaochambua mahindi wameyashika, lakini hakuna kinachosogea. Nikidhani wamenuna, nikamsalimia mama mmoja. Akatikisa kichwa, mdomo ameubana.

Nikapita. Nyuma yangu nikasikia sauti ndefu, haaa, kama tairi linalotoka upepo.

Nikaenda kundi la pili. Kimya. Nikapita. Haaa.

Walikuwa wanabana pumzi.

Nikikaribia wanabana, nikipita wanaachia. Watoto walikuwa wamevimbisha mashavu, mimi nikadhani ni mchezo wao, hadi nilipoona babu zao wamefanya vile vile. Mzee mmoja alibana mpaka mishipa ya shingo ikatoka, macho yamejaa machozi, ananitazama tu, anangoja nipite.

Nikaharakisha nimwondolee mateso.

Nikawa natembea katikati ya watu mia na zaidi, na anayepumua ni mimi peke yangu. Nikaanza kujisikia. Inaingia, inatoka. Nikajikuta najihesabu. Nikajaribu kuacha, nikashindwa. Kumi na mbili, kumi na tatu. Jaribuni siku moja, ukishaanza kuhesabu pumzi yako inakataa kwenda yenyewe, kila moja inangoja uiamuru.

Nikatoka mbio hadi ukingoni mwa maji. Nikasema nalitupa daftari. Ambulansi basi. Nitalima migomba.

Nikiwa nimeinua mkono, mtu akakohoa nyuma yangu.

Alikuwa Mzee Barisa, babu yake Hawa, mfugaji mrefu mwenye fimbo yake. Alisimama kama hatua kumi kutoka nilipo. Alikuwa anapumua kawaida kabisa, na nusura nimshukuru kwa hilo.

"Wewe nasoma ya kifua?" akaniuliza. Kiswahili chake ni kile cha malishoni.

"Nasoma, mzee."

"Hawa kifua yake nacheza mbaya. Toka jana. Mama yake nasema mafua. Mimi nasema hapana."

Nikamwambia nije nimwone. Akainua fimbo kunizuia.

"Hesabu hapana."

"Mzee, mtoto wa umri huo, kujua kama ni mafua au kifua kimeshikwa, lazima nijue anapumua mara ngapi kwa dakika. Bila kuhesabu nitajuaje?"

Akafikiri. Akawageukia ng'ombe wake waliokuwa wamesimama nyuma.

"Mimi ng'ombe naijua yote. Jioni moja ikikosa, mimi najua. Toka zaliwa sijahesabu hata siku moja."

"Unajuaje sasa?"

"Naita. Jina kwa jina. Kama jina naita na mtu haiko, basi haiko."

Tukatazamana. Nadhani wazo tulilipata kwa pamoja. Sitaki kujisifu kwamba ni akili yangu, na yeye hayupo kujisifu.

Twendeni taratibu hapa. Tulienda upande wa Waorma. Mama Hawa alikuwa amekaa mkekani, mtandio juu ya mtoto. Aliponiona akambana mtoto kifuani kwake. Mzee akaongea naye kwa lugha yao kwa muda. Akaongea tena na mama mwingine mwenye mtoto asiyeumwa wa umri ule ule, anayecheza na mfuniko.

Makubaliano yakawa hivi. Mimi nisimtazame mtoto. Nitazame saa yangu tu, niseme anza na niseme basi. Mzee ndiye atakayetazama kifua, na kila kikipanda ataita ng'ombe mmoja.

Tukaanza na yule mzima.

"Anza."

"Gurracha," mzee akaita, yaani yule mweusi. "Dima. Bora." Aliita polepole, kwa mpangilio anaowaita jioni, mkubwa kwanza. Nyuma yetu nikasikia wanasogea. Kila aliyesikia jina lake aligeuza sikio.

Mshale ukazunguka. "Dalacha."

"Basi," nikasema.

Akatikisa kichwa. Dalacha ni karibu na mwisho wa kundi lililosalia. Alionyesha kwa mkono, nyuma yake wamebaki wachache tu.

Halafu Mama Hawa akafungua mtandio kidogo tu, upande wa babu.

"Anza."

Akaanza tena na Gurracha. Safari hii majina yalitoka yakikanyagana. Sikumtazama mtoto, niliahidi, lakini nilimsikia. Alikuwa na sauti ndogo mwishoni mwa kila pumzi, kama mtu anayeinua kitu kizito.

Mshale ukiwa haujafika hata nusu, Dalacha akapita.

Waliokuwa nyuma yetu wakaisha. Mzee hakusimama. Akaanza kuita waliochukuliwa na maji. Nilijua kwa sababu sauti ilibadilika, na akina mama waliokuwa karibu wakajifunika nyuso.

Hapa ndipo mahali pangu pa kusema sijui.

Alipoita mmoja wa waliozama, ng'ombe akaitika kutoka majini. Mbali, upande ambao hakuna kitu, maji matupu hadi upeo wa macho. Mlio mmoja mrefu. Ng'ombe wa kambini wote wakageuza vichwa upande ule kwa pamoja.

Labda kulikuwa na kisiwa na ng'ombe aliyesalia. Mjomba wangu alienda baadaye kuangalia, hakuona kisiwa. Sijui, wakuu.

Mzee aliusikia. Nilimwona alivyousikia. Lakini kifua cha mtoto hakikumngoja, akaendelea kuita.

Waliozama nao wakaisha. Mshale bado.

Akaingia majina mengine, kwa sauti ya chini, kama anayasoma gizani.

"Hao ni wa nani?" nikamnong'oneza Mama Hawa.

"Wa baba yake mzee," akasema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Walikufa kwa ukame. Mimi sijazaliwa."

"Basi," nikasema.

Mzee Barisa akafuta uso kwa kiganja.

"Ule mtoto ingine nafika Dalacha," akasema. "Hii yetu nanipeleka mpaka kwa wafu." Akamgeukia mkwe wake. "Hii hapana mafua. Enda na yeye."

Hakuna namba iliyotajwa. Namba sikuwa nayo na sikuihitaji.

Mjomba wangu alikuwa na mtumbwi. Tukapanda watatu na mtoto, yeye akasimama nyuma na pondo la kusukumia. Niliondoka bila kumuaga nyanya vizuri. Alinipungia kutoka kwenye gunia lake, bado amevaa gauni la kanisani.

Mjini kwenu mna barabara na mataa. Sisi tulipita juu ya vitu vyetu. Tulipita juu ya shamba la mahindi, vichwa vya mahindi vinaonekana chini kama nywele. Tulipita juu ya kijiji. Nyumba ya Mzee Samueli ilikuwa imebaki mgongo wa paa. Mlango wake ulikuwa chini ya maji na mkondo ulikuwa unaufungua na kuufunga, du, halafu kimya, halafu du.

Mjomba aliongeza nguvu kwenye pondo.

Mbele kidogo kulikuwa na vichaka vya miiba, na kwenye miiba ng'ombe amesimama, maji yamemfika tumboni. Nikafurahi, nikamwonyesha Mama Hawa, nikamwambia tazama, mmoja wenu mzima yule.

Akatazama. Akamfunika mtoto uso.

"Ni ng'ombe wetu, Bora mdogo. Usimwonyeshe mtoto."

Tulipokaribia nikaona. Alikuwa amekufa zamani, miiba ndiyo ilimshika. Macho hayakuwepo. Upepo ulikuwa unatikisa sikio moja tu.

Kuanzia hapo hadi hospitali kulikuwa na pondo, maji, na Hawa. Mama yake alikuwa anapumua pamoja naye, haraka haraka vile vile, bila kujua. Sikumhesabu. Naapa sikumhesabu.

Tukafika jua likiwa bado lipo. Sista mkuu wa wodi ya watoto, mama mfupi mwenye miwani, alimtazama mtoto mara moja tu akaita sindano na oksijeni. Akachukua saa yake. Mama Hawa akageuka ukutani akaziba masikio.

"Sitini na nane," sista akaniambia kwa sauti ya chini. "Mngelala njiani mngefika na maiti."

Tulikaa usiku ule kwenye benchi.

Asubuhi ndiyo Jumatatu yenyewe. Nikajitambulisha kwa sista kwamba mimi ndiye mwanafunzi wa attachment. Koti langu lilikuwa na tope. Nikatoa daftari lenye watu saba.

Nilitegemea aulize thelathini wako wapi. Hakuuliza. Alisoma mstari wa kwanza, akavua miwani.

"Samueli. Thelathini na mbili. Huyu alikuwa anakimbia?"

"Hapana sista. Alikuwa amelala."

"Mtu mzima aliyelala, pumzi ni ngapi?"

Nikajibu kama darasani. "Kumi na mbili hadi ishirini."

Nikajisikia nikilisema. Nilikuwa nalijua jibu hilo tangu wiki ya kwanza ya chuo.

"Na huyu Tabitha, thelathini. Ulipopata hizi ulifanya nini?"

"Niliandika."

Sista hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wakuu, nilikuwa nimeambiwa mara mbili. Vifua vyao viliniambia Jumatano, saa tatu asubuhi, kwamba watu hawa wanahitaji mtumbwi. Mimi nikasema asante mzee. Nilianza nao kwa sababu walikuwa wametulia, na walikuwa wametulia kwa sababu walikuwa wagonjwa. Ndiyo maana walikufa kwa mpangilio wa daftari. Hapakuwa na uchawi ndani yake, na natamani ungekuwepo.

Nikalia pale pale mbele yake. Nikamweleza yote, ujanja wa mwalimu, foleni ya uji, watu kubana pumzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu wako hajakosea," akasema. "Ukimwambia mtu, pumzi inabadilika kidogo. Utangoja, utahesabu tena. Lakini huku wakikukuta umewahesabu kwa siri, watu wenyewe watabadilika, na hao hutawapata tena. Huku utaomba. Nafasi yako ipo. Utamaliza thelathini zako hapa wodini, na kila namba utaniambia maana yake kabla ya kuiandika."

Siku mbili sikumgusa mtu. Nilifua, nilibeba maji, nilibadilisha mashuka. Saa niliiweka mfukoni. Nilikuwa naogopa vifua vya watu.

Siku ya tatu, mchana, nilikuwa nafagia karibu na kitanda cha Hawa. Sindano zilikuwa zimeanza kumshika, alikuwa amenyonya, ananitazama kwa yale macho ya watoto wasio na haya. Nikainamisha kichwa nipite.

"Wewe," Mama Hawa akaniita. "Unapita tu kama mwenye deni?"

"Sitaki kukusumbua."

Akanitazama. Halafu akashika mtandio uliofunika kifua cha mtoto akautoa wote, akaukunja, akauweka pembeni.

"Hesabu."

"Mama Hawa, si lazima. Sista ameshamwona."

"Yule sista simjui. Nimeziba masikio siku tatu, nimechoka. Hesabu wewe. Kwa sauti, nisikie."

Nikaegemeza ufagio. Nikatoa saa. Nikaomba ruhusa tena, kwa maneno, kama nilivyofundishwa. Akasema, "Nimeshakupa, hesabu."

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Wodi nzima ikanyamaza, lakini hakuna aliyebana pumzi, nilisikiliza. Nilipovuka thelathini Mama Hawa akashika ukingo wa kitanda. Nilipofika thelathini na nane mshale ukatimia.

"Thelathini na nane," nikasema.

"Ni nyingi au chache?"

Nikakumbuka sista, maana kwanza.

"Zinatosha," nikasema. "Zinamtosha."

Akaweka kiganja chake juu ya kifua cha binti yake, akakiacha pale, kikipanda na kushuka nacho.

Huyo ndiye aliyeandikwa wa nane. Ruhusa ya mama, dakika nzima, na maana yake pembeni kwa maandishi madogo.

Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hapo, na gauni lile la kanisani alinilaumu kwamba nilimfanya alichakaze bure. Mimi nilikuja kukaa nyuma ya ambulansi kweli, hata gloves nilizivaa, na ilikwama kwenye tope kama ile ya kwanza.

Funzo langu ni dogo. Mnaojiandaa kwenda attachment, mtapewa orodha ndefu ya kubeba. Bebeni. Lakini mkimshika mtu mkono, mwambieni mnachofanya, na mkipata namba, isomeni kabla ya kuiandika. Mimi nina majina mawili ambayo niliyaandika vizuri sana, kwa mwandiko safi.

Wafugaji mlioko humu, nambieni kama kwenu pia kitu chenye pumzi hakihesabiwi, na mnafanyaje mkienda kliniki. Na kama kuna mtu wa delta aliyekuwa upande ule Jumapili ile, akaona ng'ombe aliyesalia mahali penye maji matupu, tafadhali aandike hapa chini. Nitalala vizuri zaidi nikijua alikuwepo.